Mahali Pasipovuja

Yussuph hasifii kitu cha mtu. Mwonyeshe mtoto mchanga, atakwambia kichwa kikubwa. Lakini siku lori liliposimama mbele ya gereji pale Msasani ya Tukuyu na turubai likavuliwa, alijifuta mikono kwenye suruali, akaizunguka gari ile, Selika ya zamani, mara mbili, akasema, "Hii jamani," basi.

Ilikuwa nyekundu, ya milango miwili, imelala chini kama zilivyo gari za mashindano, na rangi bado inang'aa baada ya kusimama miaka kumi. Kasim, fundi bodi, hakuwa na haja ya kuizunguka. Aliijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichomelea ubavu wa kushoto enzi za Obed, mwenye gari, baada ya Obed kuparamia jiwe kwenye kona za barabara ya Masoko na kuja gerejini anacheka, bampa kaliweka kiti cha nyuma.

Aliyeshuka na lori alikuwa baba yake Obed, Mwalimu Ambindwile wa Suma, mstaafu, mkulima wa chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu Kasimu. Nimekuletea gari la mwenzio. Halijapata tone la mvua tangu tulipomzika."

Mtu wa Tukuyu akikwambia hivyo, umheshimu. Huku mvua haina adabu. Inanyesha masika, inanyesha kiangazi, na siku isiponyesha ukungu unakuja kulowesha nguo ulizoanika. Kuweka kitu kikavu miaka kumi ni kazi ya kutolala usingizi.

Mwalimu akaeleza shida yake. Obed alipokuwa kitandani, amebaki ngozi na mifupa, alimwomba mambo mawili: gari lisiuzwe wala lisinyeshewe, na binti yake Atupele akimaliza kidato cha sita akabidhiwe funguo. Atupele alikuwa na miaka minane baba yake alipokufa. Sasa kamaliza, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

"Hana kitu kingine cha baba yake," Mwalimu alisema. "Picha mbili, na hili."

"Atalikuta linanguruma, Mwalimu," Kasim akajibu. Mdomo huo! Fundi mzima, miaka ishirini na mitano anachomelea bodi za watu, anaahidi gari ambalo hajalala chini yake.

Injini haikuwasumbua. Yussuph, ambaye injini ndiyo kazi yake, alisafisha tangi, akabadilisha oili na plagi, akafunga betri mpya, na siku ya pili jioni Selika ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakasimama kutazama. Kasim alicheka peke yake, machozi yakimlengalenga, kwa sababu mlio ule ulimrudishia Obed mzimamzima, kiwiko nje ya dirisha.

Kesho yake akaipandisha juu ya magogo, akalala chini na nyundo.

Kasim hatazami chesisi, anaisikiliza. Anagonga kwa mpini wa nyundo, kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinaitika. Kilichooza kinanyamaza. Mbele kote kuliitika. Akafika usawa wa mlango, pakaitika kwa shingo upande. Akapita mlango, pakanyamaza. Akagonga tena, akidhani amekosea. Kimya, kulia na kushoto, mpaka kwenye vishikizo vya magurudumu ya nyuma.

Kwa nje rangi nyeusi ya chini ilikuwa nzima kabisa. Akachukua bisibisi, akaisukuma bila nguvu. Ikaingia mpaka kwenye mpini, na alipoichomoa yakamwagika makombo ya kutu usoni kwake, mekundu, mabichi, na ndani yake punje nyeupe.

Alikaa chini ya gari muda mrefu akiziviringisha zile punje kwenye vidole. Kisha akatoka, akafungua buti, akainua zulia. Kwenye pembe kulikuwa na punje zaidi na kipande cha mfuko uliochanika. Akampigia Mwalimu simu.

"Mwalimu, hivi gari lilikuwa linakaa wapi?"

"Stoo ya mbolea. Ndiyo paa pekee lisilovuja. Nyumba yangu mwenyewe inavuja, Kasimu, naweka mabeseni, lakini stoo niliiezeka upya kwa ajili yake. Kwani kuna nini?"

"Hamna kitu, Mwalimu. Nilitaka kujua tu. Na buti mlikuwa mnaweka kitu?"

"Mifuko miwili mitatu ya mbolea, kila msimu. Sakafu ina unyevu, buti ni kavu."

Ikawa hivyo basi. Mbolea ya chumvichumvi, ile ya kuwekea chai, miaka kumi inavuta unyevu wa ukungu na kuuhifadhi ndani ya chesisi. Punje zilipenya kwenye vitundu vya buti, zikashuka, zikajilaza mahali ambapo mkono haufiki, zikala. Mzee alililinda gari la mwanawe na mvua kwa kulilaza na sumu yake, na kila msimu akaongeza nyingine kwa mikono yake.

Kasim alijaribu. Mtu asije akasema hakujaribu. Alichomelea bomba kwenye uwazi wa milango ili bodi lisijikunje, akakata upande wa kulia kwa grainda, akakunja bati zito, akaanza kuliunga kwa moto. Moto ulipogusa chuma cha zamani kikayeyuka kama jibini. Akakata zaidi kutafuta palipo pazima. Kila alipodhani amefika, nyundo ilimwambia bado. Siku tatu alikimbizana na kutu, na kutu ilikuwa mbele yake daima. Siku ya nne alipachika jeki nyuma, na jeki ikapanda yenyewe kupitia sakafu mpaka ikatokea mbele ya kiti cha nyuma. Alipokata lile bomba na kujaribu kufunga mlango, haukufunga. Gari lilikuwa limekunjika katikati. Kasim akaketi kwenye tairi kuukuu, akawa hana hata hamu ya kutukana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Yussuph akasema, akichungulia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ziba matundu kwa puti, piga rangi nyeusi. Mtoto ataliendesha sokoni na kurudi. Nani atajua?"

"Na akishuka nalo mteremko wa kwenda Mbeya, ana lori mbele na lori nyuma, likakatika?"

Yussuph akaenda kunawa.

Kasim hakulia gari. Magari amezika mengi. Kilichomsumbua ni kwamba mtu mmoja lazima aende akamwambie yule mzee, mwenye mabeseni sebuleni, kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoua kitu pekee alichoachiwa mtoto. Usiku na mchana alitafuta namna ya kulisema, na namna haikuwepo. Mpaka Ijumaa akawa ameamua. Hatalisema.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Mwalimu akaja. Kasim hakungoja salamu ziishe.

"Mwalimu, nimekukosea. Ule ubavu niliochomelea wakati wa Obed niliuchomelea vibaya. Niliweka bati juu ya kutu badala ya kukata. Maji yakabaki ndani, yakala chesisi yote. Gari limekufa, Mwalimu. Kosa ni langu."

Mzee alimtazama. Akalisogelea gari, akaona mlango usiofunga, akaona jeki ilipotokea. Halafu akainama kwa shida, mkono mmoja kwenye fimbo, akaokota kitu kwenye lile vumbi jekundu chini ya buti.

Punje nyeupe. Kasim alikuwa amefagia mara mbili, lakini zilikuwa zinaendelea kudondoka.

Mwalimu akaisaga kwa vidole. Akailamba. Akatema mate pembeni, akajifuta mdomo polepole kwa leso.

"Nimelima chai miaka arobaini, Kasimu," alisema.

Kasim akainamisha kichwa.

"Kama ningeliacha nje? Kwenye mvua?"

Alitafuta uongo mwingine, hakuupata. "Lingeshika kutu ya juu juu, Mwalimu. Ningeitoa."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali hesabu ya mwanafunzi. Akaomba maji. Kasim akammiminia kutoka kwenye dumu, na mzee akanawa ule mkono, akaurudia, akaurudia tena, hata Kasim akaacha kumimina.

Ndipo simu ikaita mfukoni mwa koti. Mwalimu akaitoa, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Ilikuwa Atupele. Ikaita mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Atauliza kama limewaka," mzee akasema. Akamnyooshea Kasim simu, mkono wake bado umelowa. "Mwambie wewe. Mwambie lile ulilonieleza mimi. Lile la kwanza. Nakuomba, mwanangu."

Kasim akapokea. Akajitambulisha, fundi wa Msasani, rafiki wa marehemu. Akalisema lote tangu mwanzo: ubavu wa kushoto, bati juu ya kutu, maji yaliyobaki ndani. Mara hii lilitoka limenyooka, bila kujikwaa, kwa sababu alikuwa anamtazama Mwalimu aliyegeukia ukutani na kujifanya anasoma kalenda.

"Mama aliniambia habari zako," Atupele akasema upande wa pili. "Alisema baba hakuruhusu fundi mwingine yeyote kuligusa."

"Ndiyo," Kasim akajibu. "Ni kweli."

Binti akakata simu.