Mzigo wa Mzaramo

Raymundi Masele alikuwa fundi seremala wa Ng'ambo, Tabora, miaka ile baada ya vita vya Hitler. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza, na kwa kuwa majeneza ndiyo yaliyomlisha vizuri zaidi, alijiona bingwa wa maradhi. Ukimwambia fulani ana homa, alikuuliza rangi ya macho yake, kisha akatikisa kichwa kama daktari. Wengine waliapa kwamba akija kumtazama mgonjwa, jicho lake lilikuwa linapima urefu.

Mwaka huo tetekuwanga iliingia Kwihara. Mkewe, Josepha, alitaka kwenda kuwajulia hali watoto wa dada yake, na Raymundi akasema watakwenda wote. Walikuta watoto wamejaa malengelenge, wanaogeshwa maji ya majani ya mbaazi. Dada yake Josepha, Katarina, akamzuia shemeji yake mlangoni.

"Shemeji, uliwahi kuugua haya utotoni?"

"Mimi sikuugua upuuzi wowote."

"Basi kaa hapo nje. Mtu mzima yakimpata humwelemea."

Raymundi akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu la chanjo ya ndui, kubwa kama kifungo cha koti.

"Unaona hili? Ndui yenyewe inanipisha njia, sembuse mtoto wake?"

"Hiyo ni ndui, shemeji. Hii ni nyingine."

"Katarina, mimi ni fundi wa majeneza. Nimetengeneza ya ndui, ya kichomi, ya kuhara damu. La tetekuwanga sijaagizwa hata moja. Huu ni ugonjwa wa watoto."

Kuagizwa hakuagizwa, ni kweli. Watu wakienda kwa seremala na msiba wao hupeleka kamba ya kipimo. Hawapeleki jina la ugonjwa. Jina alilitia mwenyewe. Basi akaingia, akampakata mtoto mdogo kuliko wote, akamkuna mgongo, akacheka sana. Josepha hakuwa na wasiwasi kwa upande wake, maana yeye aliugua akiwa msichana mdogo kwao Igalula.

Yalipita majuma mawili hivi. Raymundi akaamka ana homa, na tumboni ana vipele. Akasema ni kunguni. Jioni kunguni walikuwa wamefika usoni.

Sasa, Raymundi alikuwa na mtani, Mzaramo mmoja aitwaye Mabruki, hamali wa stesheni ya reli. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, na Mabruki hakuruhusu upate kutu. Aliposikia habari alikuja mbio, mkono mmoja ameshika njuga za mtoto, mkono wa pili kikombe cha uji.

"Hodi! Nasikia nyumba hii imepata mtoto mchanga!"

"Toka, Mabruki."

"Lo, kameanza na kusema! Hongera, Josepha. Haya mwanangu, niamkie."

"Nikuamkie wewe, mla papa?"

"Sema, 'Shikamoo, baba Mabruki,' nikupe uji."

Majirani walijaa dirishani. Raymundi naye alicheka, maana utani hauna hasira. Mabruki akamtikisia njuga, akambembeleza kwa wimbo wa Kizaramo, akaondoka akijipongeza.

Lakini vipele havikukauka. Vilishuka kooni. Halafu kikaja kikohozi, na pumzi ya Raymundi ikawa inatoka kama msumeno butu kwenye gogo la mninga. Josepha akamsihi waende hospitali.

"Nipite sokoni nimelazwa?" akasema Raymundi, akipumzika kila baada ya neno. "Wakikuuliza ninaumwa nini, utasemaje?"

"Nitasema tetekuwanga."

"Unaona? Afadhali ingekuwa ndui. Mtu akifa kwa ndui, watu huvua kofia. Akifa kwa tetekuwanga, watauliza kama alikuwa ameacha kunyonya."

Ndiyo hekima iliyombakia. Kuna watu wako tayari kufa, mradi wafe na ugonjwa wa hadhi yao.

Mabruki alirudi na njuga zake. Akaamkia kwa tusi zuri, la kuwataja mababu. Raymundi hakujibu. Akatia la pili, la kumtaja mama mkwe. Raymundi akamtazama tu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mabruki akaziweka njuga chini polepole, maana hakuwahi kumwona Mnyamwezi akiacha tusi la Mzaramo lipite bure.

"Anakula?" akamwuliza Josepha.

"Hata maji hayapiti. Na leo ametema makohozi yenye damu."

"Mbona hujampeleka hospitali?"

"Hataki. Anasema wewe utamcheka njia nzima."

Mabruki akasimama, akaenda dirishani walikokuwa majirani, akapaza sauti.

"Watu wa Ng'ambo! Nyumba ya mtani ikipatwa, mtani huingia akachukua kitu, na akichukua hanyang'anywi. Ni desturi, au nimesema uongo?"

"Ni desturi!"

"Basi nimetazama humu. Sufuria imetoboka. Kitanda kina kunguni, mwenyewe alisema. Hakuna cha maana. Ninachukua hiki hapa."

Akainama, akamnyanyua Raymundi na blanketi lake.

"Mabruki... sitaki."

"Josepha, umesikia? Tangu lini kiti kilichochukuliwa kikasema hakitaki?"

Nje alikuwa ameuegesha mkokoteni wake wa stesheni. Akamlaza mtani wake juu yake, akamfunika mpaka puani, akaondoka akipiga kelele ambazo hadi leo wazee wa sokoni wanazikumbuka.

"Pisheni! Kaeni mbali na mzigo wangu! Babu zake huyu walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wakapita mashambani kwetu wakituita wavivu! Leo Mzaramo anambeba Mnyamwezi, tena Unyamwezini kwao!"

Soko zima lilicheka. Wanyamwezi walitukana, Wazaramo wa relini walipiga vigelegele. Katika kelele zile hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa anaumwa nini.

Dresa wa hospitali alimsikiliza kifua, akakunja uso.

"Upele umeingia mapafuni. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Anasema ni ugonjwa wa watoto," akasema Josepha.

"Mtoto hujikuna siku chache akarudi kucheza. Mtu mzima humshika kifuani hivi. Na wewe, mama, una mimba?"

"Sina."

"Shukuru Mungu. Nyumbani kwenu ameingia mwenye mimba?"

Josepha akafikiri, akasema hapana, naye dresa akashusha pumzi.

Walimlaza katika banda la kutengwa. Kitanda cha jirani kilikuwa na mkulima mmoja, pande la mtu, kifua kama ngoma. Raymundi alipopata nguvu ya kugeuza shingo alimwuliza ana nini. "Kama wewe," yule akajibu, na hakusema tena. Alfajiri watu walikuja kumviringisha shuka. Raymundi, aliyekuwa akipima wafu kwa jicho tangu ujana, aligeukia ukutani.

Yeye alipona, kwa sindano nyingi na kwa ubishi wa Josepha, aliyemnywesha maji kwa kijiko mchana kutwa. Siku ya kutoka alikuwa amekonda, uso una vishimo, na anatembea kwa kushika ukuta. Mlangoni alimkuta Mabruki amekaa juu ya mkokoteni.

"Hutoki hivi hivi," akasema Mabruki. "Kitu alichochukua mtani hukombolewa. Josepha, nataka asali. Kibuyu kimoja."

"Kimoja! Mtu mwenyewe amebaki mifupa!"

"Shemeji, hiyo ndiyo bei ya chini. Angekuwa mtu mzima, mgonjwa wa ugonjwa wa watu wazima, ningedai viwili. Lakini ugonjwa wenyewe wa kitoto, nimekupunguzia."

Josepha akakubali. Raymundi aliegemea nguzo, akavuta pumzi, akavuta nyingine.

"Josepha," akasema.

"Abee."

"Mpe," pumzi ikamkatika, akangoja irudi, "mpe viwili."