Njia ya Baghdad

Mimi siasa za kujitenga zimenitokea puani zamani. Kaka yangu Fawaz alikula kiapo kule Kisauni, Pwani si Kenya, Pwani si Kenya, mpaka akala jela, na Pwani iko pale pale na Kenya iko pale pale. Kwa hiyo Rebwar aliponijia na simu yake, meno yote nje, kunionyesha kuwa amepiga kura, nilimwambia hongera nikaendelea kupanga sahani.

Rebwar alikuwa mchoma mikate wetu pale mkahawani mtaa wa Al Rigga, huku Uarabuni, Mkurdi wa Kirkuk. Pasipoti yake ni ya Iraki, lakini umwite Mwiraki uone atakavyokununia. Tulimwita kaka, naye akifurahi, maana kwao pia kaka ni kaka. Ilikuwa Septemba ya elfu mbili na kumi na saba. Wakurdi wa kaskazini ya Iraki waliulizwa kama wanataka nchi yao wenyewe, na walio ng'ambo wakapiga kura kwa simu.

Waliotaka nchi wakashinda kwa kishindo. Rebwar akagawa halua mpaka kwa wateja, akacheza jikoni ameshikana mabega na Wafilipino wasiojua wanacheza nini. Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo nachemka. Akaenda kwa arbab, tajiri wetu, akaacha kazi, na viza ikafutwa.

"Mama mgonjwa, Munir. Figo," akaniambia kwa Kiarabu chetu cha kubahatisha. "Ameniomba nisimzike kwa simu kama nilivyomzika baba. Na sasa nina nchi. Nifanye nini huku?"

"Nchi gani, yakhe? Mmehesabu kura tu. Nani amewakabidhi ufunguo?"

Akacheka, akanipiga begani kwa mkono wenye unga.

Tiketi yake ilikuwa ya Jumapili, ndege mpaka Erbil, kisha gari mpaka Kirkuk. Ijumaa serikali ya Baghdad ikapiga marufuku ndege za nje kutua kwa Wakurdi. Khalas.

"Pitia Baghdad," nikamwambia. "Ukitoka hapo ni gari tu, siku hiyo hiyo uko kwa mama."

Uso ukambadilika. "Nipige kura ya kuwaacha, halafu wiki hiyo hiyo nikasimame mbele ya askari wao kuomba ruhusa ya kwenda kwetu? Hapana. Watafungua Erbil. Dunia nzima imetuona."

Wallahi nilimtukana. Nilimwambia dunia ina shughuli zake, na kwamba Fawaz naye alidhani anatazamwa. Nikamwambia kiburi utakipata hata uzeeni, mama hapatikani tena. Akajilaza chumbani kwetu akitazama habari kwenye simu, wiki ikapita, na ya pili ikapita. Erbil haikufunguliwa, na siku alizoruhusiwa kubaki baada ya viza kufutwa zikawa zinayoyoma. Mjomba wake aliyekuwa na mama hospitalini akipiga simu alisema naye polepole, kama mtu anayesema na mfiwa.

Mwisho akanyenyekea. Akaja akakaa kitandani kwangu bila kunitazama.

"Nikatie ya Baghdad," akasema. "Mimi mkono hauendi."

Nikamkatia. Siku hiyo nilimhurumia kuliko nilivyopata kumhurumia ndugu yangu wa damu.

Jumatatu nikamsindikiza uwanja wa ndege. Tuko kwenye foleni ya mizigo, mjomba akapiga. Jeshi la Baghdad limeingia Kirkuk, watu wanakimbia, na wao wako barabarani, mama wamemlaza kiti cha nyuma na hospitali wameiacha huko. Mama anataka kusema naye.

Rebwar akaishika simu kwa mikono miwili. Kikurdi sikijui, lakini nilimwona akiangaza macho ukumbini, anatafuta la kusema. Kisha akasema maneno machache kwa sauti ya furaha kabisa.

"Amekuuliza nini?"

"Nimefika wapi."

"Na wewe?"

"Nimemwambia nimeshaingia, naiona milima."

Foleni ikasogea, tukasogea nayo. Kabla hatujafika mbele mjomba akapiga tena, na safari hii Rebwar alisikiliza tu. Watamzika kijiji chochote kilicho karibu, kisha waendelee kukimbia.

Nilimshika mkono nikamwambia turudi nyumbani, kaka. Akanitazama kama nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi. Kazi keshapewa Mmisri. Viza hana. Mama hana, na mji wao una wenyewe wengine. Mlango uliobaki wazi kwake duniani ni ule mmoja alioukataa.

Binti wa kaunta akapokea pasipoti, akaifungua, akatabasamu.

"Baghdad," akasema. "Unarudi kwenu?"

Rebwar akaitikia kwa kichwa. Akapokea kadi yake ya kupandia ndege, akaenda.