Kofia Iliyomvaa Randa

Jamani, kaeni chini kwanza. Shangazi kamvisha mume wake wa zamani kofia ya moto! Inafuka! Nilikuwepo, mate bado hayajanirudi mdomoni.

Mnajua shangazi anatengeneza kofia za felti, ile sufu nzito iliyoshindiliwa. Mimi nimemaliza chuo, kazi sijapata, basi niko karakanani kwake nachemsha maji. Huyo mumewe ni seremala, mtaa mzima unamwita Randa. Walipoachana alibeba kitanda, kabati, hadi mapazia. Kilichobaki ni kichwa cha mti, lile gogo la mviringo la kuundia kofia, ambalo alilichonga mwenyewe enzi za uchumba. Bila kichwa kile shangazi hana kazi. Na leo alikuwa na kofia kumi na mbili za bendi, zote saizi moja, amebakiza nne.

Sasa sikilizeni ubaya wa huyu mtu. Felti ikitoka kwenye mvuke inakuwa laini kama unga uliokandwa. Unaivuta juu ya kichwa kwa mikono miwili, unaishikilia chini mpaka ifungwe kamba. Ukiachia tu, inajikunja, kwisha habari yake. Randa aliishi na kazi hiyo miaka tisa. Akasubiri mlangoni mpaka mikono ya shangazi imekamatika, ndipo akaingia na nyundo.

"Nimefuata mti wangu."

"Pita baadaye, baba. Huoni nina kazi?"

"Naona. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi."

Akamzaba kofi. Shangazi hakuachia. La pili, damu ikamtoka puani, tone likaangukia felti, naye ananiambia, "Binti, futa hiyo kabla haijaingia." Futa! Mimi nimeganda na birika mkononi, digrii yangu nzima haina hata ukurasa mmoja wa mambo haya.

"Achia, mwanamke!"

"Nikiachia itaharibika."

"Basi tuone."

Nyundo ikashuka kwenye vidole vyake. Niliisikia ile mifupa, kama kuni kavu. Viwili.

Shangazi hakulia. Aliitazama felti ikijikunja upande mmoja, akasema taratibu, "Haya, imeshaharibika." Akaing'oa kwenye mti, akaizamisha kwenye sufuria inayotokota, akamrukia. Kwa mkono mmoja na kiwiko akamvika mpaka kidevuni!

"Kamba!"

Hapo ndipo nikazinduka. Birika kule, kamba huku, nikamzungushia chini ya kidevu na kuvuta kama navuta ukingo wa kofia, mguu wangu mgongoni mwake. Akajigonga paji la uso mezani, akaangusha rafu nzima, akaenda chini. Anapiga kelele humo ndani kama mbuzi kwenye gunia.

Fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio. "Mtamuua, nyie!"

"Subiri kwanza, jirani," shangazi akasema, goti kifuani kwa Randa. "Kichwa cha mti ni cha nani?"

"Mmmh!"

"Mlegezee kidogo, binti."

"Chako! Chako, mama, chukua!"

"Rudia, fundi viatu hajasikia vizuri."

"Chako!"

Tulimvua ile kofia kwa kuikata na mkasi. Ngozi ya shavu ilibaki kwenye felti, msiniulize zaidi. Fundi viatu kaita polisi, wamempeleka hospitali na pingu, na shangazi amefungwa vidole kwenye kibao. Daktari kamwambia apumzike wiki sita. Aliporudi karakanani, akakigeuza kichwa cha mti huku na huku, akitafuta ufa. Hakuna hata mkwaruzo.

"Bado nne," akasema.

"Shangazi, vidole!"

"Vyako vina nini?"

Basi nimeteleka maji, nimekimbia kuwaambia tu. Narudi sasa hivi, asije akaanza mwenyewe.