Kipanga wa Bujiku

Mtani halii msibani. Yeye kazi yake ni kuwachekesha wenye msiba, na Akida alilijua hilo tangu utotoni kwao Kisarawe. Hakudhani kuna siku lingemshinda, Mzaramo kama yeye, mwenye mdomo usiojua likizo.

Siku ya kumzika Bujiku, mtani wake Msukuma huku Shinyanga alikohamia, waliyezozana naye jioni baada ya jioni, Akida alitokea uani amevaa ovaroli kuukuu ya marehemu, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka kwenye kibanda cha nyasi ilipokaa injini. Injini ya ndege, jamani, si ya lori! Ilikuwa ya ndege ya kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea, ambayo Bujiku aliihudumia miaka mingi pale uwanjani Shinyanga. Ndege ilipochoka ikatupwa, fundi akaomba apewe injini, akaileta kwake kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuifunika turubai. Alisema ipo siku itanguruma.

Akida akaifunua, akaipiga kofi, akaanza kwa sauti ya Bujiku, ile ya puani:

"Nkoi, rafiki yangu, kaa chini ufundishwe! Hii ni kazi ya akina Thornby, ndugu wawili wa Uingereza. Walianza na injini za pampu za maji. Waliposema watarusha watu, kijiji kizima kikawacheka. Wakatoa Shomoro, silinda mbili, akaruka na mtu mmoja mwembamba. Wakatoa Kipanga huyu, silinda nne, vichwa chini miguu juu, akafika mpaka Afrika na mifuko ya barua. Ikaja vita ya Hitla, wakatoa Tai, silinda tisa zimepangwa duara. Kisha dunia ikahamia kwenye jeti. Akina Thornby wakamezwa na kampuni kubwa, vipuri vikakoma. Lakini Kipanga hafi, nkoi! Kipanga amelala tu!"

Ua mzima ulicheka huku machozi yakiwatoka, maana ndivyo alivyosema kila siku, neno kwa neno. Hata Paskazia, mjane, alijifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika.

Akida akaipanda injini, akakaa.

"Sishuki! Na maiti haitoki mpaka nipewe chuma hiki nikasubu sufuria!"

Watu wakacheka tena. Utani ndivyo ulivyo: mtani hukamata kitu, wafiwa wakakikomboa kwa kuku, mambo yakaisha. Mageni, mdogo wa marehemu, alikuwa tayari anakuja na jogoo kwapani.

Ila safari hii Akida alikuwa hatanii, na aibu ilimchoma. Yeye aliishi kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye mchanga vikawa sufuria. Tanuri lake lilikuwa limepoa tangu mfungo wa Ramadhani. Aluminiamu haikuonekana mjini, na bila chuma angelazimika kumchukua mkewe, Zuwena, wakaanze maisha Nyarugusu, akaingie mashimoni kutafuta dhahabu. Mtaka cha mvunguni huinama, na mgongo wa Akida ulishakataa kuinama. Kwa hiyo aliitamani injini ile, tena akiwa ameikalia mbele ya jeneza la mwenyewe. Akamwomba Mungu Mageni afike haraka na jogoo wake.

"Mageni, mrudishe jogoo," Paskazia akasema. "Mpeni chuma chake."

Mageni akasimama palepale, jogoo kwapani.

"Shemeji, ni utani tu," Akida akasema.

"Najua. Chukua."

Matanga yalipoanuliwa, mkokoteni ukaileta injini kwake. Akida akaizunguka asubuhi nzima na nyundo mkononi, anainua, anashusha.

"Ukimwonea haya marehemu, haya hiyo ndiyo tutaipika?" Zuwena akauliza. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

"Kipanga, nisamehe," Akida akasema. Badala ya kupiga akachukua spana, afungue kwa heshima. Akatoa silinda ya kwanza. Mkono wa chuma ulining'inia ndani, mtupu. Pistoni haikuwepo. Ya pili, hakuna. Ya tatu na ya nne, vivyo hivyo. Injini ilikuwa gamba tupu, vingi vya ndani vimetolewa.

Akaketi chini, akakumbuka. Miaka ile ya vita na Amin, malori yote yalipokwenda mpakani na chakavu zikaadimika, Bujiku alikuwa akimletea kikapu cha vipande vilivyopondwa. "Makapi ya uwanjani, nkoi. Wanayatupa." Vilikuwa vipande vilivyopinda, vyenye mifereji ya ringi. Akida alidhani ni pistoni za magari. Aliviyeyusha, watoto wakala. Tena alimcheka: "Afadhali makapi haya kuliko hilo dubwana lako!" Bujiku naye alicheka, akavuta kigoda karibu na turubai, akaanza upya habari za akina Thornby.

"Zuwena," akaita. "Tumeila."

"Tumekula nini?"

"Injini. Tumeila sisi, kidogo kidogo."

Akaenda kwa Paskazia vilevile alivyokuwa, na ovaroli ya marehemu aliyoivaa kwa kazi. Alimkuta nyuma ya nyumba anachambua choroko.

"Umefungua," Paskazia akasema.

"Nimefungua, shemeji. Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia ungepokea? Wewe, na majivuno yako ya pwani?"

Akida akachutama kando ya ungo wa choroko.

"Aliitaka ingurume?"

"Aliitaka sana. Siku aliyotoa pistoni ya kwanza hakula. Nikamwambia, basi acha kuwasimulia watu kwamba itaamka. Akasema, nikiacha kusimulia, Akida atauliza kuna nini."

Akida akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Kilichobaki nitakiyeyusha, niseme kweli, sina njia. Lakini sufuria ya kwanza ni yako."

"Sufuria ninazo." Paskazia akanyoosha kidole jikoni, zilikofunikwa sufuria kubwa tatu, zimeoshwa, zinangoja arobaini. "Zile nilinunua kwako mwaka wa vita, alinituma yeye mwenyewe. Ule ubwabwa wa msiba wake, uliokula ukasema chumvi haitoshi, umepikwa ndani ya Kipanga."

Hapo ndipo Mzaramo aliposhindwa. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, bila kujali majirani waliochungulia ukutani.

Paskazia akamtazama kwanza, kisha akapiga vigelegele, na yeye machozi yanamtoka.

"Mageni! Njoo uone, mtani analia! Mtoze faini, alete jogoo!"

"Nitaleta," Akida akasema katikati ya kwikwi. "Nitaleta, shemeji."

"Na hiyo ovaroli uivue. Mwenyewe hakuwa na tumbo."