Ng'oa Nisikie

Mtaa mzima ulimwita Pini, kwa kuwa kila ukimpelekea kitambaa alikusalimia pini zimebanwa midomoni. Alikuwa fundi cherehani, na mkewe muuguzi. Mke alipopata kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, alimwachia Pini nyumba, kuku wawili na bustani ya nyuma, ile iliyo kati ya tangi la maji na ukuta.

Kuku hawakumsumbua. Bustani ndiyo iliyomtoa kijasho. Tangu waoane, bustani ilikuwa ya mke. Pini na jembe walijuana kwa kusalimiana tu. Mvua za kwanza ziliponyesha, magugu yaliinuka kana kwamba yalikuwa yanangoja mama mwenye nyumba aondoke. Asubuhi moja hakufungua kibanda chake. Alikunja suruali, akapalilia kuanzia ukutani hadi kwenye tangi, kisha akasimama kuitazama kazi yake, akajipongeza.

Jioni akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, kumjulia hali. Alichungulia nyuma ya nyumba, akashika kiuno. Taratibu, kama anayempa mgonjwa majibu ya vipimo, alimweleza kwamba bamia zote changa zimelala kwenye lundo la takataka pamoja na mchicha, na kwamba yale majani aliyoyaacha yamejipanga vizuri, yenye vimaua vyeupe, ndiyo magugu yenyewe.

"Shemeji," alisema, "umewafukuza wenye nyumba ukawabakiza wezi."

Pini alikusudia kufa na siri yake. Lakini kesho yake mke alipopiga simu akitoka zamu ya usiku, akauliza bamia zimefikia wapi, uongo ulimshinda. Akasema yote. Mke akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na Pini akabaki ameganda, mkasi hewani, simu sikioni. Tangu aondoke, sauti ya mkewe kwenye simu ilikuwa ya mtu aliye kwenye foleni. Hiki kilikuwa kicheko cha nyumbani, cha jikoni, cha mtu aliyevua viatu.

Basi kila asubuhi kabla ya kazi akawa anapita bustanini kutafuta habari ya kumpelekea. Alipanda bamia na mchicha upya, akaimwagia bustani maji kwa kopo lililotobolewa. Alimsimulia mke jinsi kuku mweupe alivyofukua tuta zima na kutoka na nyungunyungu mmoja. Alimsimulia ndago, gugu lenye roho ya paka: unavuta jani linakuja kwa adabu, kumbe punje ya mzizi imebaki chini inakucheka, na keshokutwa limeota tena. Mke alimfundisha kuichokonoa punje kwa kisu butu, baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Alijua kila kona ya bustani ile. Alimuuliza kama kivuli cha tangi bado kinafika kwenye nyanya, na Pini, aliyeishi humo miaka yote, ilibidi atoke nje akaangalie.

Walikuwa wanahesabu kwamba atarudi mwaka ukiisha. Mwaka ulipokaribia kwisha, mke alisema hospitali imemwomba aongeze mwingine. Binti yao alikuwa chuoni, masomo yake bado hayajalipiwa yote, na wote wawili walijua jibu kabla ya swali.

"Umeshasaini?" Pini aliuliza.

"Jana."

Alitaka kumwambia kwamba upande wake wa kitanda umekuwa mahali pa kuwekea nguo za wateja, kwa sababu hawezi kuuona mtupu. Akamwambia mchicha uko tayari kuchumwa.

Mke alisema yuko chumbani kwake, ghorofa ya tano, dirisha linatazama dirisha. Chini kuna bustani nzuri ya maua, ina mtunzaji wake, na kibao cha kukataza watu kukanyaga. Ni muda mrefu hajashika udongo. Ananawa mikono kutwa, imekuwa safi mpaka inamchosha.

"Uko bustanini?" akauliza.

"Nipo."

"Weka simu chini, karibu na tuta. Usiseme kitu. Ng'oa nisikie."

Pini aliilaza simu juu ya tofali, akapiga magoti. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Alishika gugu la kwanza chini kabisa, kwenye shina, kama alivyofundishwa, akavuta. Mizizi ikakatika nyuzi moja moja, kama mshono unaofumuliwa, kisha likatoka lote na udongo wake ukapukutika. Akavuta la pili. Kuku alisogea, akamfukuza kwa kiwiko.

Mstari wa kwanza ulipokwisha aliinama kusikiliza. Hakukuwa na maneno. Ilikuwa pumzi, ndefu, inayopanda na kushuka, pumzi aliyoijua tangu ujana wao. Mke alikuwa amelala.

Wateja wangekuwa wameshafika kwenye kibanda wakigonga mlango. Pini hakukata simu. Aliibeba kwa viganja viwili, akaisogeza kwenye mstari wa nyanya, akaendelea kung'oa polepole, na kila gugu alilikawiza mkononi, maana yalikuwa yamebaki machache.