Mkono wa Kushoto wa Fundi

Haya alinisimulia wifi yangu jana, tukianua nguo. Mumewe, fundi cherehani, alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Juzi aliomba suruali ya jirani aipige pindo, ajue kama bado ni fundi. Aliunyanyua ule mkono kwa wa kulia, akaulaza juu ya kitambaa kama jiwe, kitulie, akashona.

Wifi akaona damu. "Mzee, umejichoma."

"Aliyechomwa ni huyu. Mimi sijasikia kitu."

"Suruali ya watu hiyo."

"Basi mfute huyu mvivu, niendelee."

Akamfuta. Pindo likaisha, limenyooka. Wifi akangoja furaha au machozi, halikuja lolote. Mchana wakajilaza. Fundi akatangulia kukoroma, naye akafuata.