Sura Aliyoahidiwa Bibi

Dereva mgeni wa familia moja tajiri alibisha hodi ghafla kwa fundi cherehani, akamkabidhi gauni la harusi. Bi harusi amekonda, alisema. Fundi alibane kiuno sasa hivi, na atapewa kazi zote za ushonaji za familia hiyo.

Fundi alikuwa hoi kifedha. Lakini bibi yake, asiyeona vizuri, angerudishwa kwa mjomba alasiri hiyo, na riwaya ya kutafsiriwa aliyokuwa akimsomea ilibakiza sura moja.

“Uliniahidi, mjukuu wangu. Nataka kujua kama yule binti maskini aliikataa ile ndoa.”

“Bibi, si hadithi tu hiyo!” dereva alicheka.

“Kwako, baba. Mimi niliozwa bila kuulizwa.”

Fundi akamrudishia dereva gauni, akavuta kigoda, akaanza kusoma.